Bamba la Pili

Nakuru, Jumapili mchana, Aprili 1957
Mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani

Mwanangu Enosi,

Barua hii inakuja kwa mkono wa Ainea, mtoto wa ndugu yangu, anayepanda gari moshi la leo jioni kwenda likizo. Kesho atashuka stesheni yetu ya Luanda, na keshokutwa asubuhi wewe utapanda pale pale aliposhuka. Kwa hiyo utaisoma usiku wako wa mwisho kwa mama yako. Naandika juu ya sanduku lake, chumbani kwake hapa karibu na stesheni, naye anazunguka na kamba mkononi akiniuliza, "Baba mdogo, bado? Sanduku nitalifunga saa ngapi?" Nimemwambia afunge godoro kwanza. Anasema godoro halisafiri. Basi aketi.

Mambo ya kila siku nayapita. Kuoga, kusali, kutoazima watu shati lako la kanisani, hayo mama yako ameyasema mpaka umeyachoka, na yeye huyasema vizuri kuliko mimi.

Najua jinsi barua zangu zinavyosomwa hapo kwetu. Wewe unasimama mlangoni penye mwanga, mama yako anaketi, babu yako mzaa mama anaitwa, na majirani wanaacha majembe wanakuja kusikia Nakuru kunasemaje. Hii usiisome hivyo. Isome kwanza peke yako, nyuma ya nyumba. Halafu msomee mama yako, yote, usiruke neno. Babu yako nitamwambia mwenyewe.

Katika barua yako ya mwisho uliandika hivi: "Nafurahi kwenda Londiani kwa Bwana Kiprono, kwa sababu najua ni mtu mwema, maana ni rafiki wa baba." Nimeibeba barua hiyo mfukoni tangu ilipofika. Kila nikiinama chini ya lori inanichoma kifuani. Mtu mwema ni kweli. Rafiki wa baba, hapo ndipo penye shida, na ndiyo sababu leo nimeomba ruhusa shambani nikashuka kutoka Subukia na gari la maziwa, ili Ainea asiondoke bila neno langu.

Kiprono unamjua kwa jina tu. Alikuwa dereva wa lori la shamba letu, na mimi nilikuwa mtu wa kupaka grisi na kukaza nati bandani. Waliniita fundi kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuitwa hivyo. Lori lenyewe lilikuwa la jeshi, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, Bwana mwenye shamba alilinunua baada ya vita. Hakuna matope yaliyolishinda. Lakini lilikuwa limebeba mahindi na mawe na mbao miaka mingi, na springi za nyuma zikachoka, mgongo ukalala chini kama wa ng'ombe mzee. Bwana akatutuma wawili, Kiprono na mimi, tuje Nakuru kwa Mhindi mmoja anayeuza vyuma vya magari mabovu, tutafute springi nyingine.

Springi nakueleza kwa sababu utaishi nazo. Ni mabamba ya chuma yaliyopindwa kidogo kama upinde, yakalazwa moja chini ya jingine, marefu juu, mafupi chini, yote yakashikwa na bolti moja katikati. Bamba la kwanza, la juu kabisa, ndilo lenye tundu kila mwisho la kushikia gari. La pili linalala chini yake, nalo ni refu karibu sawa, na ncha zake zimekunjwa kuyakumbatia yale matundu. Kazi yake ni moja kubwa: siku la kwanza likivunjika, la pili linamshika dereva mpaka afike nyumbani.

Sasa unakumbuka pale kwetu mimi niliitwa nani. Baba Chuma. Wenzangu waliofanya kazi mbali walirudi na baiskeli, mmoja alirudi na gramafoni, watu wakajaa uani kwake mpaka kuku wakalala nje. Mimi nilirudi na kipande cha springi iliyovunjika, kilichotupwa bandani, nikampa mhunzi akapiga jembe. Na jembe la springi, unajua mwenyewe, halipindi kwenye jiwe. Babu yako alilijaribu akasema mbele ya wazee, "Huyu mkwe wangu haleti makelele, analeta chuma." Neno lile lilinilewesha kuliko pombe. Mwaka uliofuata nikaleta kingine. Kisha watu wakaanza kuagiza. Baba Chuma, ukija tena, niletee cha panga. Nami nilijibu ndiyo kwa kila mtu, nikiwa mtu ambaye hakuwahi kuleta nyumbani kitu kingine cha kusifiwa.

Ndiyo moyo nilioingia nao kwa yule Mhindi. Bandani kwetu hapakuwa na springi mbovu iliyobaki, na Krismasi ilikuwa inakuja.

Alitutolea jozi mbili. Moja ilikuwa ya lori kama letu, mabamba membamba, yenye kutu ya juu tu. Nyingine ilitoka kwenye lori kubwa zaidi, mabamba mazito, na yalikuwa mengi. Kiprono alikanyaga ile ya kwanza, akaruka juu yake kama mtoto, akasema, "Hii. Hii ndiyo yake. Gari ya matope inataka mgongo wa kuinama."

Mimi nilitoa kamba yangu nikaanza kupima ile nzito.

"Wewe mtu wa Bunyore," Kiprono akacheka, "unapima springi ama unapima ng'ombe wa mahari?"

"Subukia ni mlima," nikamwambia. "Chuma chembamba cha nini?"

Mhindi naye akatikisa kichwa. "Rafiki, hii kubwa hapana ya gari yako. Hii itarusha wewe kama mpira. Chukua ndogo."

Muuza vyuma alinikataza kununua kile chenye bei kubwa, Enosi. Nami sikusikia. Nilisema mimi ndiye fundi, Bwana amenituma mimi, na kama ni ngumu nitatoa bamba moja kila upande zilainike. Hilo la kutoa bamba ni jambo la kweli, mafundi wanalifanya. Ndilo lililonifaa kujifichia. Kiprono aliinua mabega. "Sawa, fundi. Mimi naendesha tu."

Fundi akitaka kulainisha springi anatoa bamba fupi la chini. Nilijua. Bamba fupi halitoshi hata panga. Nilipofungua zile springi bandani, peke yangu, Kiprono akiwa amekwenda kula, nilitoa la pili. Kulia na kushoto. Nikafunga, nikakaza, nikapaka grisi mpaka zikapendeza, na yale mabamba mawili nikayasukuma chini ya kitanda changu.

Moja nilikuja nalo Krismasi ile. Ulilibeba wewe begani kutoka stesheni, ukakataa kusaidiwa. Jembe analolimia mama yako ndilo hilo, na panga la babu yako ndilo hilo pia. La pili lilikuwa zito kwa safari moja, nikaliacha Subukia.

Lori lilitembea. Hilo ndilo lililonidanganya. Likibeba mzigo lilikaa vizuri, na Bwana alinisifu. Likiwa tupu lilirukaruka barabarani, Kiprono akawa anashuka ameshika kiuno. "Fundi, hii springi yako imenioa," alikuwa akisema, "usiku silali." Tukacheka wote. Nilicheka, mwanangu.

Mvua za mwaka jana, siku moja, lilikuwa linarudi kutoka Nakuru na makopo matupu ya maziwa na watu watano sita juu. Kwenye ule mteremko wa kuingia Subukia, bamba la kwanza la upande wa kushoto likakatika penye tundu. Chini yake hapakuwa na la kulishika. Gurudumu la nyuma likarudi kando, lori likajivuta kwenye mtaro likalala ubavu. Tulikimbia kutoka shambani na kamba na mashoka. Kiprono alikuwa ameketi kwenye nyasi, damu inamtoka kinywani alipojigonga kwenye usukani, anahesabu watu wake kwa sauti. Hakuna aliyekufa. Mama Chebet, mke wa mkamuaji mmoja, alivunjika mkono, nao ulipona ukiwa umepinda. Kila asubuhi napishana naye akienda kisimani. Ananisalimu yeye kwanza.

Bwana alifika na farasi. "Wewe endesha kama wazimu!" akamwambia Kiprono.

"Hapana, Bwana. Springi. Springi imekatika kwanza, ndiyo gari ikavuta."

Bwana akanigeukia mimi. "Wewe. Ile springi ilikuwa mzuri?"

Hapo palikuwa na mahali pa kusema. Palikuwa wazi kama mlango.

"Mzuri, Bwana," nikasema. "Imevunjika ilipogonga mtaro."

Kiprono alinitazama. Nimejaribu kukumbuka hasira machoni pake na sikuiona. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyesikia habari mpya, akaanza kujiuliza yeye mwenyewe kama kweli alikuwa anakimbia. Alinisadiki mimi kuliko alivyosadiki mikono yake. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Alifukuzwa wiki ile ile, bila barua ya ushuhuda, na dereva asiye na barua hiyo ni mtu wa kulima tu. Mimi nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nilitaka nini kwalo. Nililitoa lile bamba lililobaki chini ya kitanda, nikalipeleka kwa mhunzi, likawa jembe, na asubuhi alipokuwa anaondoka na watoto wake na vyungu vyao, nikampa. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Wengine wote wamejificha wasionekane na mimi," akasema. "Wewe umekuja na zawadi."

Amelima kwao karibu mwaka mzima na jembe hilo. Kisha yule mfanyabiashara wa mbao wa Londiani akamchukua bila barua, kwa sababu madereva wake wengine waliogopa njia za msituni. Mwezi uliopita lori lake lilisimama hapa Nakuru sokoni, nami nilikuwa napita.

"Wewe mtu wa Bunyore! Bado unapima kwa kamba ya mbuzi?"

"Bado."

"Njoo nikwambie. Lile jembe, mke wangu amekataa kumwazima mtu. Mama yake mzazi ameliomba, akanyimwa!" Alicheka mpaka akapiga mlango wa lori kwa kiganja. Kisha akainama dirishani. "Yule kijana wako amemaliza shule? Nipe. Mkubwa wangu anataka tanboi, mtu wa kumsaidia dereva, anayejua kusoma. Nitamfundisha mpaka ashike usukani. Wewe ulinisimamia, mimi nitamsimamia yeye."

Nilifungua kinywa niseme. Kilichotoka ni "asante."

Na akaongeza neno jingine, ndilo linaloniandikisha leo. Lori lake la mbao limechoka nyuma. Mwezi ujao watakwenda kuchagua springi nyingine, na anataka wewe ushike kamba ya kupimia. "Nitamuuliza," akasema, "baba yako angechukua zipi."

Sasa umeelewa. Atakuuliza hivyo akicheka, na chochote utakachojibu kwa jina langu atakifunga chini ya lori lake, halafu mtapanda wote wawili na kuingia msituni.

Basi jibu ni hili, na ni la kweli, nimelilipia kwa migongo ya wengine. Achukue zile zinazofanana na za lori lake, si zenye kuonekana na nguvu. Nguvu nyingi chini ya gari tupu ni mateke. Wewe litazame lori likiwa tupu, limesimama mahali sawa, na uwafikirie wale watakaokaa juu yake, maana mbao hazivunjiki mkono. Pima kutoka kila mwisho mpaka kwenye bolti ya kati, kwa kuwa bolti hiyo mara nyingi haiko katikati kamili, na anayeigeuza springi nyuma mbele analiharibu gari siku hiyo hiyo. Msinunue ya upande mmoja hata mkubwa wake akilia. Paka mafuta ya taa, futa, ngoja kidogo, na ufa utajionyesha wenyewe kama mstari wa penseli, hasa karibu na tundu. Zikisha kufungwa na kubeba mzigo wa kwanza, zikazwe tena. Kama ni ngumu, ondoeni fupi la chini. Bamba la pili lisiguswe na mtu.

Hayo nilikuwa nayajua yote siku ile kwa Mhindi, Enosi. Sikukosea kwa kutojua. Ningekuwa sijui ningekuandikia barua fupi. Nilifika pale jibu likiwa tayari tumboni, nikawa natafuta springi za kulitetea. Ukijiona siku moja unabishana sana juu ya kitu cha kazi, na sauti yako imepanda, na wenye kujua wanakutazama, nyamaza ujiulize unataka kupeleka nini nyumbani.

Wala sitaki ufikiri ni babu yako au majirani walionisukuma. Waliomba chuma kama watu waombavyo chumvi. Ningewaambia mwaka huu hakuna, wangesema haya, mwaka ujao. Ilikuwa ni mimi nisiyeweza kushuka Luanda mikono mitupu.

Ainea ameketi juu ya godoro ananitazama. Nadhani ananiona ninavyofuta uso.

Sikuambii uende wala usiende. Kama baada ya kusoma hii huwezi kumtazama Kiprono, baki, nami sitakulaumu, tutatafuta mahali pengine. Ila ukienda, usimwambie wewe. Si kwamba nataka ufiche. Akikuuliza juu yangu, mwambie baba anakuja Londiani Jumamosi, ana neno la kukwambia. Basi. Kumwambia ni kazi yangu, na nikikuachia wewe nitakuwa nimekutuma tena kubeba kile chuma begani.

Kesho asubuhi, kabla ya watu kuitwa majina, nitasimama mbele ya Bwana bandani. Nitamwambia springi hazikuwa nzuri, na kwa nini, na nani alizifanya hivyo. Nitamwomba amwandikie Kiprono barua ya ushuhuda, aandike kwamba kosa halikuwa la dereva, maana bila barua hiyo ataendesha njia mbaya za watu maisha yake yote. Nitaiomba kabla hajanifukuza, kwa kuwa baada ya hapo hatanisikiliza. Akikataa kuiandika, nitakwenda Londiani bila barua. Nikitoka bandani nitapita kwa Mama Chebet. Yeye sijui nitamwambia nini. Pengine safari hii nitamsalimu mimi kwanza, halafu nione.

Naogopa. Nakuandikia uone baba yako ameandika neno hilo. Naogopa zaidi Jumamosi kuliko kesho, kwa sababu Bwana atapiga kelele, lakini Kiprono huenda akanyamaza. Jembe alitupe au alibaki nalo, ni juu yake. Akikurudisha nyumbani pamoja nami, shuka kwenye lori bila kinyongo, umwambie asante kwa siku ulizokaa naye.

Sehemu hii msomee mama yako polepole. Kutoka Londiani nitapanda gari moshi la Jumapili ijayo, na Jumatatu nitakuwa nimefika Luanda. Safari hii nakuja kukaa. Mwambie aje peke yake stesheni, asiite watu wa kunibebea. Sina mzigo.

Baba yako